Gambiti ya Latvia: juu ya nini watu bado wanacheza mwanzo ambao kompyuta imeukataa?

Katika mchezo wa sataranji, ule ambao wengi hapa kwetu wanauita kwa Kifaransa eshek, kuna namna moja ya kuanza ambayo walimu wanaikataza na kompyuta inaihukumu mbele hata mchezo haujapamba moto. Hata hivyo, tangu karibu miaka 400 kuna watu wanaoicheza, wanaoichunguza usiku kucha na wanaoiandikia vitabu. Inaitwa Gambiti ya Latvia. Tuangalie imetoka wapi, inafanya kazi namna gani, na kama kijana anayejifunza sataranji leo ana faida yoyote ya kupoteza muda wake juu yake.

Gambiti ni kitu gani?

Wenye kucheza dama wanajua jambo hili bila kusomeshwa: unamtolea mwenzako kete moja aile, kiisha wewe unakula mbili. Katika sataranji, kutoa namna hiyo mwanzoni kabisa mwa mchezo ndiyo kunaitwa gambiti. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, na linatoka kwa kitendo cha kumtega mtu mguu kusudi aanguke. Padri mmoja Mhispania, Ruy López, ndiye aliyeliingiza katika maandishi ya sataranji mwaka 1561.

Lakini kuna tofauti na dama. Katika dama, mara nyingi unarudishiwa mali yako papo hapo. Katika gambiti unatoa mali, unapokea wakati. Mwenzako anapoteza mwendo mmoja au miwili kwa kula, na wewe katika mwendo huo unatoa wanajeshi wako nje na kumkimbilia mfalme wake. Kama shambulio halikufika, umebaki maskini tu.

Gambiti hazilingani hatari. Wengi walisikia neno hili mwaka 2020 kupitia filamu ya mfululizo ambayo kwa Kifaransa inaitwa Le Jeu de la dame. Gambiti ya malkia, ile iliyoipa filamu hiyo jina lake la Kiingereza, ni mwanzo wa salama kabisa: mweupe anatoa pioni lakini kwa kawaida anaweza kuirudisha akitaka. Mabingwa wa dunia wameicheza na wanaendelea kuicheza. Gambiti ya Latvia siyo ya jamii hiyo hata kidogo.

Mwendo wa pili tu, na mlango uko wazi

Kwanza tukubaliane majina. Kila mchezaji ana mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, maaskofu wawili na pioni nane. Askofu ni yule anayetembea mshazari, ambaye kwa Kifaransa anaitwa fou. Ubao una mistari ya kusimama, a mpaka h, na mistari ya kulala, 1 mpaka 8. Mweupe ndiye anayeanza.

Mweupe anasukuma pioni ya mfalme hatua mbili, mpaka e4. Mweusi anajibu vile vile, e5. Mweupe anatoa farasi mpaka f3, na farasi huyo anaitolea macho pioni ya e5: anataka kuila. Hapo karibu kila mwalimu atakuambia: linda pioni yako, toa farasi wako mpaka c6. Mwenye Gambiti ya Latvia halindi kitu. Anasukuma pioni nyingine, f5, na kuishambulia pioni nyeupe ya e4. Sawa vile mtu ambaye nyumba yake inavamiwa, naye badala ya kufunga mlango anakwenda kuvamia nyumba ya jirani.

Sasa, hapo ndiyo shida inaanza. Pioni ya f ndiyo mlango wa nyuma wa nyumba ya mfalme. Ikisogea, ule mshazari unaotoka h5 mpaka e8, fasi mfalme mweusi anakaa, unabaki wazi. Farasi mweupe akiondoka tu f3, malkia wake anafika h5 kwa mwendo mmoja na mfalme anawekewa eshek.

Angalia namna mtu asiyejua anavyokufa. Mwendo wa tatu, farasi mweupe anakula pioni ya e5. Mweusi naye anaona e4 iko wazi, anaila. Malkia mweupe anakuja h5: eshek. Mfalme akikimbilia e7, mweupe anamfukuza mpaka katikati ya ubao na anaishia mati. Akijikinga kwa kusukuma pioni g6, farasi anaila ile pioni. Mweusi akimla farasi kwa pioni ya h, mstari wa h umefunguka, na malkia anashuka kula mnara kwenye h8. Ni mwendo wa sita tu, na mnara umekwisha kwenda.

Kwa hiyo mweusi mwenye kujua hali e4 haraka. Farasi mweupe akila e5, yeye anatoa malkia wake mpaka f6 amsumbue huyo farasi. Walimu wanakataza pia kutoa malkia mapema, kwa sababu atakimbizwa na wadogo. Gambiti hii inavunja sheria mbili ndani ya miendo mitatu.

Kutoka Italia mpaka Riga

Mwanzo huu ulijulikana zamani sana. Mwitaliano Gioachino Greco, mzaliwa wa Calabria aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 17, aliuchunguza katika maandishi yake, na kwa muda mrefu vitabu viliuita kontra-gambiti ya Greco. Kiisha ukasahaulika kidogo, kwa sababu wachezaji wakubwa waliona hauna msingi.

Waliouamsha ni watu wa Latvia, nchi ndogo ya pwani ya Bahari ya Baltiki iliyotangaza uhuru wake mwaka 1918. Katika mji mkuu wake, Riga, kulikuwa na ndugu wawili, Kārlis na Jānis Bētiņš, waliojulikana sana kwa kutunga mafumbo ya sataranji. Kārlis, aliyezaliwa 1867 na kufariki 1943, ndiye aliyeichunguza gambiti hii kwa bidii zaidi, mwendo kwa mwendo, akitafuta kama kuna njia mweusi anaweza kupona.

Mahali pa uchunguzi huo hapakuwa ukumbi wa mashindano. Palikuwa posta. Wakati ule watu walicheza sataranji kwa kadi na barua: unaandika mwendo wako, unatuma, unangoja jibu siku au wiki. Mchezo mmoja unaweza kumaliza mwaka au miwili. Katika muda huo unaruhusiwa kupanga ubao mezani, kusogeza vipande, kufungua vitabu na kuandika madaftari. Kwa mwanzo wa hatari, hakuna mazingira mazuri kuliko hayo, sababu hakuna saa inayokukimbiza, na kila kosa linabaki limeandikwa kwenye karatasi.

Miaka ya 1934 mpaka 1936, mji wa Riga ulicheza kwa barua na mji wa Stockholm wa Uswidi. Wachezaji wa Riga walithubutu kutumia gambiti hii, na wakashinda. Tangu miaka ile jina la Greco lilianza kurudi nyuma na jina la Latvia likashika.

Miaka ishirini baadaye jina hilo lilisikika Marekani. Mwaka 1955, katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, vijana walikuwa wanashindania ubingwa wao wa taifa. Viktors Pupols, kijana mzaliwa wa Latvia, alikutana na mtoto wa miaka 12, akamchezea gambiti ya kwao na kumshinda. Mtoto huyo alikuwa Bobby Fischer, ambaye mwaka 1972 alikuja kuwa bingwa wa dunia.

Nyuma ya hapo, wachezaji wa barua wa nchi nyingi walianzisha mashindano ambamo kila mchezo lazima uanze na gambiti hii. Mtu anapata wazo jipya la kumwokoa mweusi, analijaribu, analichapisha. Mwingine, labda nchi nyingine, anatafuta miezi mingi mpaka anapata jibu linaloliua. Kiisha wa tatu anarekebisha. Hata Tony Kosten, mchezaji mwenye cheo cha juu kabisa cha grandmasta, aliiandikia kitabu mwaka 1995, na mwaka 2001 akatoa kingine ambacho jina lake linasema wazi kwamba Gambiti ya Latvia bado inaishi. Mtu haandiki kwenye jalada kwamba kitu kinaishi kama hakuna wanaosema kimekufa.

Mweupe ana njia tatu

Kuelewa juu ya nini gambiti hii inaua watu na pia inamuua mwenye kuicheza, tuangalie majibu matatu ya mweupe kwenye mwendo wa tatu.

La kwanza, mweupe anakula pioni ya f5. Ndiyo jibu la mtu aliyeshangaa: amepewa, amekula. Mweusi anasukuma pioni yake mpaka e4, na farasi wa f3 anapaswa kukimbia. Wengi wanamrudisha nyumbani g1. Hapo mweusi anapata katikati yote ya ubao, pioni ile ya f5 ataila pole pole, na mchezo unakuwa mzuri kwake. Mweupe mwenye ujuzi anampeleka farasi mbele, e5, kiisha anamweka askofu e2 na kuutazama ule mshazari wa h5. Hapo hali ni nyingine.

La pili, mweupe anatoa askofu mpaka c4. Huu ndio moto wenyewe. Mweusi anakula e4, farasi mweupe anakula e5, na malkia mweusi anaruka mpaka g5, akishika vitu viwili mara moja: farasi wa e5 na pioni ya g2. Mweupe mwenye tamaa anampeleka farasi f7, anaona mnara kwenye h8 na anacheka. Malkia anakula g2, mnara mweupe unasogea f1, mweusi anasukuma d5. Farasi anakula mnara. Mweusi asikimbilie kumla askofu wa c4, sababu malkia mweupe atakuja h5 na eshek. Anatoa farasi wake f6 kwanza, analinda h5. Sasa hesabu: mweupe ana mnara zaidi, lakini farasi wake amefungwa kwenye kona, mfalme wake yuko katikati bila ulinzi, askofu wake wa c4 anashambuliwa, na askofu wa mweusi anangoja kuingia h3. Watu wengi wamepoteza hapo na mali yao yote mkononi.

Lakini malkia akifika g5, mweupe mwenye kujua hampeleki farasi f7. Anasukuma d4: pioni hiyo inamlinda farasi, na askofu wa c1 anamwangalia malkia mweusi uso kwa uso. Malkia anakula g2, kiisha mweupe anaacha mnara wake uliwe kwenye h1 na yeye anamshambulia mfalme kwa malkia, askofu na farasi pamoja. Wachezaji wa barua wamechunguza njia hii mpaka kupita mwendo wa 20, na mwisho wake ni mzuri kwa mweupe. Ila mweupe asipoyajua haya, kuyavumbua mezani saa ikikimbia ni kazi ngumu sana.

La tatu ndilo baya kwa mweusi, na halina kelele. Farasi anakula e5, malkia mweusi anakuja f6, na farasi anarudi tu mpaka c4. Mweusi anakula e4. Mweupe anatoa farasi wa pili c3, hana haraka. Ile pioni nyeusi ya e4 imesimama peke yake, malkia mweusi ndiye mlinzi, na mweupe anajitayarisha kusukuma d3 kufungua mistari. Yeye ana farasi wawili nje, mweusi ana malkia tu anayetafuta fasi ya kukaa. Hakuna mtego, hakuna mnara wa kula. Mweupe anatoa vipande vyake kwa utaratibu, na mweusi anagundua kwamba wakati alioununua kwa mfalme wake, aliyeunufaika ni mwenzake.

Kiisha kompyuta ikafika

Mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov. Leo programu inayozidi ile, Stockfish, ni ya bure, inaingia kwenye telefone na inafanya kazi bila intaneti. Ukiiwekea Gambiti ya Latvia, inampa mweupe faida ya zaidi ya pioni moja nzima, na ni mwendo wa pili tu. Kwa wakubwa, faida ya namna hiyo mara nyingi inatosha kushinda.

Hiyo iliwaumiza sana wachezaji wa barua, sababu shirikisho lao la dunia linaruhusu kutumia kompyuta. Nyumba ileile iliyoilea gambiti hii, ile ya watu wenye muda na madaftari, ndiyo ilikuwa ya kwanza kufungwa. Huwezi kumtega mguu mtu ambaye anaona ubao wote mpaka mwisho.

Lakini tusome vizuri hukumu ya kompyuta. Inasema: kama mweupe anacheza vizuri kila mara, mweusi atateseka. Haisemi kwamba mweupe aliye mbele yako, mwenye dakika 10 kwenye saa na ambaye hajawahi kuona mwanzo huu, ataipata ile njia. Ni vitu viwili tofauti, na mtu asiyevitenganisha atakosea pande mbili: ama atatupa kila kitu ambacho kompyuta haikipendi, ama atajidanganya kwamba kwa sababu anashinda, mwanzo wake ni mzuri.

Kuchunguza siyo kukariri mitego

Vijana wengi siku hizi wanajifunza gambiti kwa video fupi: mtego mmoja, mati moja, kicheko. Wanashinda mara tano kiisha wanakutana na anayejua, na hawana la kufanya. Njia ya mwongo ni fupi. Waliochunguza Gambiti ya Latvia kwa barua walifanya kinyume chake, na kazi yao inatuachia mafunzo manne.

Anza na kinachokuua. Mbele ya kujifunza namna mweusi anavyoshinda, kaa upande wa mweupe na utafute njia ya tatu mpaka uielewe. Kama hujui mwenzako anapaswa kucheza nini, hujui mwanzo wako.

Fikiri kwanza, kompyuta baadaye. Weka ubao, jipe dakika 15, andika unachodhani, kiisha ndipo ufungue programu. Ukiiuliza mbele, itakupa jibu bila sababu, na kesho utakuwa umelisahau.

Tenganisha mitego. Kuna mtego ambao mwenzako akiuona, wewe unabaki salama na mchezo unaendelea. Kuna mwingine ambao akiuona, umekufa. Wa kwanza ni silaha, wa pili ni bahati nasibu.

Andika hata michezo uliyoshinda. Rudi uangalie: ulishinda kwa sababu fasi yako ilikuwa nzuri, ama kwa sababu mwenzako alikosea kitu ambacho mtu mwingine hatakosea? Hesabu hii inauma, na kwa sababu hiyo wengi hawaifanyi. Lakini wale wachezaji wa barua waliipenda gambiti yao kuliko sisi, na bado wao wenyewe ndio waliochapisha miendo inayoivunja.

Mwenye kutaka kuanza leo anaweza kufungua lichess, tovuti ya bure isiyo na matangazo, ambayo ina sehemu ya kuonyesha kila mwendo umechezwa mara ngapi na matokeo yake, kwa mabingwa na kwa watu wa kawaida, kufuatana na kiwango chao. Ukitazama Gambiti ya Latvia katika sehemu hiyo, linganisha wachezaji wa chini na wa juu kwa macho yako mwenyewe.

Nani aicheze?

Anayeanza kabisa asiicheze. Ajifunze kwanza kumlinda mfalme, kutoa vipande na kushika katikati. Huwezi kuvunja sheria kwa faida kama hujui inalinda nini. Na anayecheza mashindano makubwa, ambamo mwenzake anaweza kumchunguza usiku wa mbele, aiache pia, kwa sababu inafanya kazi kwa mshangao, na mshangao ni wa mara moja.

Katikati ya hao wawili kuna watu wengi: mwanafunzi anayecheza na wenzake jioni, mchezaji wa klabu aliyechoka na mianzo ileile, mwalimu anayetaka kuonyesha wanafunzi namna ya kushambulia na namna ya kujikinga. Kwao, Gambiti ya Latvia ni shule nzuri, kwa sharti moja: wacheze pande zote mbili. Mchezo mmoja uwe mweusi na utoe pioni. Mchezo unaofuata, geuza ubao, chukua weupe, mrudishe farasi c4 na ujaribu kushinda pole pole, bila kelele. Ukiweza yote mawili, hata kama siku moja utaiacha gambiti hii, hautakuwa umepoteza muda.